Mbegu Mpya na Mwenye Shamba

(Maneno yaliyosemwa na moniteri mmoja wa Kabambare mbele ya wamoniteri wenzake na wakulima)



Nimeombwa kusema maneno machache juu ya kazi yetu, yaani kazi ya kumsaidia mkulima mdogo apokee mbegu mpya na namna mpya ya kulima. Sina elimu nyingi. Nilisoma shule ya msingi kwa misioni, nikapata mafundisho ya moniteri, basi. Lakini miguu yangu imeyajua mashamba mengi, toka bonde la Luama hata njia iendayo Kasongo, na yale niliyoyaona nitawaambieni bila kuficha.

Nitaanza na kosa langu.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi tuliletewa habari ya vijiti vya muhogo mpya. Tuliambiwa kwamba muhogo ule unashindana na ugonjwa wa mozaiki, ule unaokunja majani na kuyatia mabaka ya manjano, hata mti unadumaa na mizizi yake inakuwa myembamba kama vidole. Nilifurahi sana. Nikapanda baiskeli yangu, nikaenda katika kijiji kimoja, nikaomba ngoma ipigwe. Watu wakakusanyika, nami nikasimama mbele yao kama mwalimu mbele ya watoto. Nikasema, "Muhogo wenu umekufa. Ng'oeni wote, chomeni miti yake, maana mbegu mpya inakuja mwezi wa tisa."

Watu wengi walicheka kwa adabu, wakasema, "Ndiyo, moniteri," wakarudi nyumbani, wala hawakung'oa kitu. Moyoni mwangu niliwaita wavivu. Mama mmoja tu alinisadiki, mjane mwenye watoto watatu, ambaye huniita mwanangu kwa sababu ya ukoo wa mama yangu. Aling'oa shamba lake lote, muhogo uliokomaa na ule usiokomaa pia.

Mwezi wa tisa ukapita, na wa kumi ukapita. Mvua ilinyesha, njia ikaharibika, kamyo ikalala matopeni. Vijiti vilifika mwisho wa mwezi wa kumi na moja, vimekaa majuma matatu ndani ya magunia. Ukikwaruza ganda kwa ukucha hukuona maziwa wala rangi ya kijani. Mama yule alivipanda vivyo hivyo, maana hakuwa na vingine. Katika kila vijiti kumi vilichipuka vitatu. Mwaka uliofuata hakuwa na muhogo wa kung'oa, wala majani ya kutwanga sombe. Ndugu zake walimlisha, na walipochoka alikwenda kubeba mchanga kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Namoya, mtoto wake mdogo mgongoni.

Hakunitukana. Aliniambia neno moja tu, "Mwanangu, ulikuwa na haraka." Na wale niliowaita wavivu? Walikula muhogo wao mgonjwa mwaka mzima. Ulikuwa mwembamba, lakini walikula.

Ndugu zangu, tangu siku ile nimeacha kusema kwamba mkulima anakataa mambo mapya kwa sababu ya ujinga. Anakataa kwa sababu anafanya hesabu, na hesabu yake ni ya njaa. Mimi na ninyi tunangoja mshahara. Hata ukichelewa, na tunajua jinsi unavyochelewa, siku moja utakuja. Mbegu mpya ikikosa kuzaa, sisi tunaandika katika daftari kwamba imekosa, tunageuza ukurasa. Mkulima hana ukurasa wa kugeuza. Shamba lake ndilo ghala lake, ndilo karo ya shule ya watoto, ndilo dawa wakati wa homa. Ukimwambia alitupe lote kwa neno lako, unataka acheze mchezo kwa matumbo ya watoto wake.

Tena wako watu wasemao, "Watu wa Maniema hawapendi mapya, wanashika desturi za babu zao." Neno hili si kweli, nami nitawaonyesha. Tazameni chakula chetu cha leo. Muhogo si mti wa hapa. Mahindi si ya hapa. Karanga nazo si za hapa. Vyote vitatu asili yake ni Amerika, vilivuka bahari katika merikebu za Wareno baada ya mwaka 1500, vikaingia ndani ya nchi kidogo kidogo, mkono kwa mkono, soko kwa soko. Hapakuwa na moniteri, hapakuwa na mkutano wala ngoma. Mtu alipata kijiti kwa shemeji yake, akakipanda karibu na nyumba, akaona, akaonja, akampa jirani. Na mpunga? Mpunga ulifika kwetu pamoja na watu wa pwani, Waungwana, waliokaa Nyangwe na Kasongo na hapa Kabambare katika miaka ya 1870, wakati wa Tippu Tip. Safari zile zilileta mabaya makubwa, watu walitekwa na kuuzwa, na wazee wetu hawakusahau. Lakini mpunga waliupokea, wakaujua, na leo mtu wa Kasongo akikosa wali anasema hajala. Hata lugha hii ninayowaambia ilikuja kwa njia ile ile. Basi watu wetu walipokea mapya mengi sana, kuliko sisi wamoniteri tulivyowapa.

Walikataa nini basi? Walikataa kulazimishwa. Hapa lazima nikae kidogo, maana vijana wengi wa kazi yetu hawajui habari hii, kisha wanashangaa kwa nini mzee anaondoka akiona kamba ya kupimia.

Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilitoa amri ya kilimo cha lazima. Kila mwanamume wa kijiji aliweza kutakiwa siku 60 kwa mwaka za kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali. Hapa Maniema zao lile lilikuwa hasa pamba, tena na mpunga. Mwaka 1942, wakati wa vita, siku zile zikaongezwa hata 120. Mtu alipimiwa shamba lake kwa kamba, akaambiwa siku ya kufyeka, siku ya kupanda, siku ya kuvuna. Bei ya pamba haikuwa yake, wala mnunuzi hakumchagua. Asiyelima alitozwa faini au alifungwa, na katika gereza kulikuwa na fimbo. Na nani alikuja kupima shamba? Agronomi, na nyuma yake moniteri, mtu mweusi kama mimi, amevaa kofia, ameshika daftari.

Mzee mmoja wa kijiji chetu alinisimulia kwamba baba yake alikuwa akikaanga mbegu za pamba katika chungu usiku, asubuhi akazipanda kwa mistari iliyonyoka kabisa mbele ya kapita. Mbegu hazikuota, na agronomi akaandika kwamba udongo wa mahali pale haufai. Mzee alicheka sana alipokuwa akisimulia. Mimi nilicheka pia, halafu nikaona haya, kwa sababu nilikumbuka wale waliosema, "Ndiyo, moniteri."

Wala sisemi kwamba kila kitu cha wakati ule kilikuwa bure. Chuo cha utafiti wa kilimo, INEAC, kilianzishwa mwaka 1933, na mahali pake pakubwa palikuwa Yangambi. Wenye elimu walifanya kazi ya kweli kule juu ya mpunga, michikichi na kahawa, na INERA ya leo ni mrithi wake. Lakini mbegu nzuri ikiletwa na fimbo, watu wanaikumbuka fimbo.

Basi tufanyeje? Nitasema namna ninayoifuata sasa. Wengine wana namna nyingine, watatuambia.

Jambo la kwanza: siombi tena shamba la mtu. Naomba pembe moja ya shamba. Hatua kumi kwa hatua kumi zinatosha kabisa. Shamba lingine lote linabaki na muhogo ule ule alioupokea kwa mama yake. Mbegu mpya inapandwa hapo pembeni, na kando yake, katika udongo ule ule, siku ile ile, tunapanda mistari michache ya mbegu ya zamani. Atakayehukumu ni mwenye shamba, kwa macho yake na kwa chungu chake. Mbegu ya zamani haing'olewi hata mpya iwe imekwisha kulisha nyumba ile.

Namna hii inafundisha kuliko maneno yangu. Wazee wengi wanasema majani ya muhogo yanajikunja kwa sababu ya jua kali, au udongo umechoka, au mtu ana kijicho. Nikibishana nao, nitashinda kwa mdomo tu. Lakini wakiona mistari miwili katika udongo mmoja na jua moja, mmoja umejikunja na mwingine umenyoka, wanauliza wenyewe, "Sababu ni nini?" Hapo ndipo ninapojibu. Ugonjwa wa mozaiki unakaa ndani ya mti. Ukikata kijiti katika mti mgonjwa, unapanda ugonjwa pamoja na kijiti. Tena wako nzi wadogo weupe chini ya majani, wadogo kuliko kichwa cha sindano. Ukitikisa mti wanaruka kama vumbi la unga. Hao wanauchukua ugonjwa toka mti hata mti. Nikisema hayo, mtoto mmoja hukimbia kugeuza jani, na watu wote wanainama kutazama.

Ugonjwa huu si mchezo. Katika Uganda, tangu mwisho wa miaka ya 1980, ulipata nguvu mpya, ukaharibu mashamba ya mikoa mizima, hata watu wengi wa Teso waliacha kulima muhogo, na njaa ikawapata. Baadaye ulishuka hata kwetu mashariki ya Kongo. Watu wa utafiti wa Uganda, wa INERA na wa IITA iliyo Ibadan katika Nijeria walitafuta mihogo inayoshindana nao. Ndiyo mihogo mnayoisikia ikitajwa sokoni, kama ule uitwao Sawasawa huko Kivu, au ule ambao vitabuni ni TME 419 na watu wakaupa jina la Obama. Wakulima wenyewe hutoa majina, nami nafurahi nikisikia jina la kijijini, maana mtu hakipi jina kitu anachotaka kukitupa.

Jambo la pili: uliza kabla ya kusifu. Zamani nilikuwa nikisifu uzito tu. "Muhogo huu unazaa kilo nyingi!" Mama mmoja akaniuliza, "Na sombe yake?" Sikujua. "Je, unakaa ardhini?" Sikujua. "Unalowa siku ngapi?" Sikujua. Akanitazama kwa huruma, akaendelea kutwanga.

Maswali yale matatu yamenifundisha kuliko kitabu changu. Sombe ni mboga yetu ya kila siku. Muhogo wenye mizizi minene na majani magumu yasiyotwangika ni nusu ya chakula tu. Na swali la kukaa ardhini ni swali la uhai. Tangu vita ya mwaka 1996 watu wa nchi hii wamekimbia mara nyingi sana, wengine mara tatu, wengine mara saba. Mpunga uliowekwa nyumbani unaibwa au unachomwa. Mbegu za karanga zinaliwa njiani. Lakini muhogo unakungoja udongoni, ukirudi baada ya miezi unaukuta. Sasa mihogo mingine mipya inakomaa upesi, lakini usipoing'oa kwa wakati wake inakuwa migumu kama kuni au inaoza. Katika kitabu, kukomaa upesi ni sifa. Kwa mtu ambaye hajui kama atalala nyumbani mwezi ujao, yafaa awe na aina mbili, ule wa upesi na ule wa kungoja. Mimi sikufikiri jambo hili. Mama zetu walilifikiri zamani.

Na kulowa? Mihogo michungu ina sumu inayotoka kwa kulowa majini siku tatu au nne na kwa kukaushwa vema. Mtu aliyezoea muhogo mtamu akipewa mchungu bila kuambiwa, au mwenye haraka akipunguza siku za maji, anaweza kudhurika. Katika Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu, uko ugonjwa wa miguu uitwao konzo, ambao daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Mtu anapooza miguu ghafla na hapati tena kutembea kama kwanza. Unawapata watu wenye njaa wanaokula siku nyingi muhogo mchungu usiolowekwa vizuri, bila nyama wala maharagwe. Kwa hiyo, moniteri, usigawe kijiti usichokijua uchungu wake. Ukipewa kijiti, uliza. Asiyejua kukujibu, mwambie atafute kwanza.

Sasa niseme juu ya vijiti wenyewe, maana hapo ndipo wengi tunapoharibu kazi.

Kijiti chema kinatoka katika mti wenye miezi minane hata kumi na minane, usio na mabaka hata kidogo. Acha sehemu ya juu iliyo laini, acha na ya chini iliyo kama gogo, chukua ya katikati. Urefu wake uwe kama kiganja kimoja na kidogo zaidi, sentimita 20 hata 25, wenye macho matano hata saba. Kata kwa panga kali, usivunje. Kama hupandi siku hiyo, usikate vipande vifupi. Acha miti mirefu, uisimamishe kivulini, nchani chini iguse udongo wenye unyevu, uifunike kwa nyasi. Vijiti vya mama yule vilikufa kwa kukosa hayo tu.

Panda hatua kwa hatua, yaani mita moja kila upande. Katika pembe ile ya kumi kwa kumi vinaingia vijiti 100. Na sasa sikieni hesabu hii, ambayo watu huipenda sana nikiichora chini kwa kijiti. Mti mmoja mzima uliokomaa waweza kukupa vijiti kumi hivi. Basi, mwenye vijiti 10 tu mwaka huu, mwaka ujao anapanda 100, mwaka wa tatu anapanda 1,000, na mwaka wa nne anapanda 10,000, navyo ni hekta nzima. Wala hesabu hii haitaki kamyo. Haitaki njia ya Kasongo itengenezwe kwanza. Najua mzee mmoja atasema, "Miaka minne ni mingi." Ni mingi, kweli. Lakini wako watu waliongoja kamyo kwa muda mrefu kuliko huo, na mbuzi na moto wa nyasi waweza kupunguza hesabu yangu, kwa hiyo anzeni na vijiti zaidi ya kumi mkivipata.

Tena kuna jambo ambalo halina gharama hata ya franka moja, nalo linafaa hata pale ambapo mbegu mpya haijafika. Kabla ya kuvuna, pita katika shamba lako la zamani asubuhi, jua likiwa halijawa kali, mama akiwa na watoto wake. Kila mti ulio mzima, wenye majani yaliyonyoka na kimo kizuri, ufunge kitambaa au kamba ya mgomba. Siku ya kuvuna, vijiti vya kupanda vitoke katika miti yenye kamba tu. Mwaka unaofuata fanya vivyo hivyo. Na shamba jipya likiwa na umri wa mwezi mmoja au miwili, ng'oa mimea michache iliyoanza kujikunja. Kamba hizi hazitaondoa ugonjwa wote, nzi weupe wapo siku zote, lakini mavuno yanaongezeka, na mwenye shamba anakuwa amejifunza kuutambua mti mgonjwa kwa macho yake. Mimi sasa naanza na kamba hizi katika kila kijiji, kabla sijataja mbegu mpya. Mtu aliyekwisha kufunga kamba haniulizi tena kwa nini nachagua vijiti.

Juu ya mpunga nitasema kwa ufupi. Mnajua kwamba tunahimizwa tupande kwa mistari, kwa kamba na vigingi, wala si kutupa tu mbegu. Faida yake ni kweli. Mbegu inayotumika ni chache, na jembe linapita kati ya mistari wakati wa kupalilia. Lakini kupanda kwa mistari kunataka siku nyingi zaidi, tena katika majuma yale yale ya mvua za kwanza ambapo mahindi na karanga vinadai kupandwa. Na nani anapanda? Vijana wako machimboni. Anabaki mama peke yake na watoto. Ukimwambia alime shamba lote kwa kamba, atakosa siku za karanga. Basi naomba pembe tena, mistari kumi tu. Akiona palizi imemchukua siku mbili badala ya nne, ataiongeza mwenyewe mwaka ujao. Asipoona faida, pengine hesabu yangu ndiyo mbovu.

Ila jambo moja la mpunga lisikosekane. Hesabu mbegu 100, zifunge katika kitambaa chenye maji, kiweke kivulini, usikiache kikauke. Siku ya saba fungua, uhesabu zilizoota. Zikiwa 80 au zaidi, panda. Zikiwa 50, ongeza mbegu au tafuta nyingine. Fanya hivi hata mbegu ikija katika mfuko wenye chapa nzuri, tena hasa hapo. Chapa haiioti mvua.

Jambo la mwisho ni kurudi. Watu hawamchukii moniteri kwa sababu mbegu yake imekosa. Wanamchukia kwa sababu mbegu ilikosa naye hakuonekana tena. Mimi naandika siku nne katika daftari kwa kila pembe: siku ya kupanda, mwezi wa kwanza, mwezi wa nne, na siku ya kung'oa. Siku ya kung'oa ndiyo kubwa. Tunaita majirani, tunang'oa miti mitano ya zamani na mitano mipya, tunapima kwa mizani au kwa kikapu, halafu, na hili msilisahau, tunapika. Sombe mbili, ugali wa aina mbili, watu wanaonja bila kuambiwa upi ni upi. Niliwahi kuona kijiji kizima kikikataa muhogo uliozaa zaidi, kwa sababu ugali wake haukushikamana. Nikaandika hivyo hivyo katika taarifa yangu. Mkubwa mmoja hakupendezwa.

Katika Indonesia, mwaka 1989, watu wa FAO na wakulima wa mpunga walianza kazi ya namna hii. Wakulima walikutana kila juma katika shamba moja, wakatazama wadudu na majani, wakahukumu wenyewe kama dawa inafaa au haifai. Waliona kwamba mara nyingi dawa iliwaua wadudu wema waliokuwa wakiwala wabaya. Namna ile ilienea nchi nyingi, ikafika hata Kongo, nayo huitwa shamba darasa. Sifa yake kwangu ni kwamba mwalimu anakaa chini pamoja na wengine.

Mtaniuliza habari za mama yule. Alirudi toka machimboni. Miaka miwili sikuthubutu kupita mlangoni pake, nikazunguka kwa njia ya mtoni. Mwisho nilikwenda, nikapeleka vijiti thelathini vibichi, nilivyokata asubuhi ile ile, nikavibeba kichwani kama mizigo mingine, si kwenye baiskeli. Nikamwambia kwamba nilikosa. Alivichukua, akakwaruza ganda la kila kimoja kwa ukucha, vyote thelathini, nami nimesimama. Kisha akanionyesha pembe ya shamba lake karibu na mwembe, akapiga hatua kumi, akaweka jiwe. "Hapa," akasema, "na usizidi jiwe." Sikuzidi. Mwaka jana yeye mwenyewe alilisogeza jiwe.

Vijiti vya leo viko pale nyuma kivulini, vimefunikwa kwa nyasi. Vinatoka katika shamba lake. Kila nyumba itapata thelathini, wala si zaidi, hata ndugu zangu wamoniteri. Kwarueni ganda kwanza. Kisicho na kijani kirudisheni, tuna vya akiba kumi na viwili. Uchungu wake ni wa kati, unalowa siku tatu, na ardhini nimeuona ukikaa miezi kumi na minane bila kuoza. Zaidi ya hapo sijauona. Sasa naona mama wa huku mbele amenyosha mkono tangu nilipotaja sombe, basi na aseme.